Nyundo ya Gobore Ikigoma, Usiilazimishe



Mahindi ya masika yameanza kubeba, na wageni wetu wa usiku wameshapata habari. Ukipita asubuhi kwenye mashamba ya pembeni huku Mkange utakuta kwato za nguruwe kwenye tope, mabua yamelala, na mama mwenye shamba amesimama mikono kiunoni hana la kusema. Mchana ni zamu ya nyani. Kuelekea Mto Wami kuna viboko, na upande wa Saadani tembo nao hawajui mpaka wa hifadhi uko wapi.

Ndiyo maana msimu kama huu swali moja linanifuata kila ninapokwenda. Mwezi huu limeniuliza watu watatu, na wote kwa sauti ya chini, kama wanaouliza dawa ya ugonjwa wa aibu: "Bwana shamba, lile gobore la marehemu baba nyundo yake haishiki. Nifanyeje?"

Mimi ni mtu wa mazao. Diploma yangu imeandikwa kilimo, haikuandikwa bunduki. Lakini ukweli tunaujua: kwa familia nyingi za huku, gobore ni jembe la usiku. Bwana shamba anayezungumza mbegu na mbolea halafu akanyamaza kuhusu kinacholinda hayo mahindi, amefundisha nusu ya somo. Leo naizungumza nusu iliyobaki.

Msimamo wangu nausema mapema, ili usiyekuwa na muda wa kusoma yote uondoke nao: gobore ambalo nyundo yake inateleza au haishiki limeshaacha kuwa kifaa cha shamba. Lisiguswe na fundi wa baiskeli, lisiguswe na mwenye tupa, lisiguswe na wewe. Liende kwa anayeruhusiwa kulitengeneza, au lirudishwe serikalini. Na shamba lilindwe kwa njia nyingine, ambazo nitazieleza.

Kwa nini nasema hivi

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka yangu ya mwanzo kazini, katika kijiji ambacho sitakitaja, alinijia mzee mmoja mwenye gobore lenye kibali chake halali. Nyundo ilikuwa haikai vizuri ikivutwa nusu. Yeye alikuwa ameifunga mpira wa tairi la ndani la baiskeli ili isicheze. Babu yangu aliwahi kuwa na gobore, na mimi nikajiona najua. Nikamwambia, "Mzee wangu, huo ni uchafu tu. Toa mpira, tia mafuta ya cherehani, itashika."

Akatia. Ikashika. Wiki mbili akawa ananisifu kila akiniona.

Wiki ya tatu, alfajiri, alikuwa anashuka kutoka kwenye dungu baada ya kukesha. Gobore lilikuwa na baruti na fataki juu yake. Akalishusha kwa mkono mmoja, mtutu ukiangalia chini, ampokeze mjukuu wake aliyekuwa amesimama chini ya ngazi. Nyundo ikagonga mti wa ngazi. Ikateleza, ikapiga fataki, marisau yakaingia kwenye mguu wa mtoto. Zahanati, kisha hospitali, kisha vidole viwili vikaondolewa.

Yule mtoto leo ni kijana mkubwa, anaendesha bodaboda na ananisalimia vizuri. Anatembea akiinamia upande mmoja. Babu yake hakunilaumu hata siku moja. Aliniambia, "Mwanangu, hiyo ni kudra." Ningependa angenilaumu.

Baadaye nilimuuliza mtu anayejua kazi hiyo kwa leseni, akanieleza nilikosea wapi. Mafuta yaliosha uchafu, chuma kikashika ukingoni. Lakini pengo lenyewe lilikuwa limekwisha kulika. Mimi niliona dalili nikadhani nimeona ugonjwa. Ni sawa na kuona mahindi ya njano ukamwaga mbolea ya kukuzia, kumbe shamba limetuama maji.

Nyundo inafanyaje kazi

Ili unielewe, tulifungue gobore kwa maneno tu, tusilifungue kwa bisibisi.

Nyuma ya mtutu kuna kichomozo kidogo chenye tundu, wengi wanakiita chuchu. Fataki hukaa hapo. Nyundo ikiangukia fataki, cheche inapita kwenye tundu, inafika kwenye baruti, gobore linalia.

Ndani ya ubao, nyuma ya bamba la chuma, ndiko uliko mtambo. Nyundo imeshikamana na kipande cha chuma chenye mapengo mawili. Pengo la kwanza ni la nusu, la kupumzikia. Pengo la pili ni la mwisho, la kupigia. Kuna ulimi mdogo wa chuma unaoingia kwenye mapengo hayo na kuishikilia nyundo isianguke. Kuna spiringi kubwa inayoisukuma nyundo, na spiringi ndogo inayousukuma ulimi ubaki kwenye pengo. Ukivuta kifyatuo, ulimi unatoka kwenye pengo, spiringi kubwa inafanya kazi yake.

Kwa hiyo kati ya mtoto wako na baruti kuna ukingo wa chuma usiozidi unene wa kucha. Hapo ndipo hoja yangu yote ilipo.

Dalili tano na maana yake

1. Nyundo ikivutwa haibaki, inarudi. Huenda ulimi au pengo limelika, au spiringi ndogo imechoka au kukatika. Huku pwani kuna sababu nyingine: ubao hunyonya unyevu, unavimba, unaubana mtambo. Au mafuta ya kupikia yaliyotiwa miaka iliyopita yameganda yakawa gundi.

2. Nyundo inakaa, lakini ikiguswa au kugongwa inaanguka bila kifyatuo kuvutwa. Hii ndiyo iliyokula vidole vya yule mtoto. Hakuna dalili mbaya kuliko hii.

3. Nyundo inaanguka kwa ulegevu, fataki hailii. Spiringi kubwa imechoka, au nyundo inasuguana na ubao, au kuna kutu ndani. Wakati mwingine nyundo ni nzima na kosa ni la chuchu iliyobondeka au tundu lililoziba.

4. Nyundo inacheza kushoto na kulia, inapiga fataki upande. Tundu inapokamatia limelika au skrubu imelegea. Vipande vya fataki vinaweza kuruka usoni.

5. Kila ukipiga, nyundo inarudishwa nyuma kwa nguvu na moto unatoka kwa nyuma. Tundu la chuchu limepanuka. Anayeweka jicho karibu hapo anacheza kamari na jicho lake.

Nimeziandika dalili hizi ili ujue la kumwambia fundi mwenye leseni, na ili ukiona mojawapo ujue kazi ya hilo gobore imesimama siku hiyohiyo. Sikuziandika ili ukakae chini ya mwembe na koleo.

Tiba za mtaani zinazoua

Kupiga tupa kwenye pengo. Fundi anaona limelika, anachukua tupa, analichonga upya. Likishika, mnapeana mkono. Lakini vipande vingi vya mitambo ya zamani viligandishwa ngozi ngumu kwa juu, na ndani yake ni chuma laini. Tupa inaondoa ngozi ile. Pengo jipya ni zuri kwa macho, halafu linalika haraka kuliko la zamani.

Kuchoma spiringi kwenye mkaa. Spiringi ikichomwa mpaka ikawa nyekundu kisha ikaachwa ipoe polepole, inapoteza ukakamavu wake. Inakuwa waya. Kuirudishia ukakamavu ni ufundi wenye kipimo cha moto, na haufanywi kwa kukisia.

Kufunga mpira wa baiskeli. Mpira hauzuii nyundo kuteleza. Unaongeza nguvu ya kuiangusha, au unakuficha usione kwamba imelegea. Jua la Mkange likiupiga miezi miwili, unakatika wenyewe.

Kuchomelea. Nimewahi kuliona gobore lililochomelewa nyundo kama geti. Sikumsogelea mwenye nalo.

Ndugu zangu mafundi wa baiskeli, wa pikipiki na wa kuchomelea: najua mtu akija na shida ni vigumu kumrudisha, hasa akiwa mjomba wako. Mrudishe. Ufundi wako ni wa kweli, lakini kutengeneza silaha ni kazi yenye leseni yake, na siku gobore likimuumiza mtu, watu watauliza nani aliligusa mwisho. Na nyinyi wenye maduka na wanunuzi wa chuma chakavu: mtu akikuletea mtutu au mtambo wa zamani kwa kilo, usinunue. Kipande cha silaha kikikutwa kwenye rundo lako, maelezo utakayoyatoa ni marefu kuliko faida yake.

Ukishaona dalili, fanya haya tu

Kwanza, elekeza mtutu mahali pasipo na mtu, mnyama wa kufugwa wala nyumba, na uuache hivyo muda wote.

Pili, kama nyundo imepiga na gobore halikulia, usisogee mbele yake wala usichungulie. Baruti inaweza kuchelewa. Subiri dakika mbili kamili mtutu ukiwa upande salama, ndipo uondoe fataki.

Tatu, hakikisha kama lina kitu ndani. Gobore halifunguki nyuma ukaona. Wazee walitumia mdeki: ulipitishwa kwenye mtutu mtupu mpaka mwisho, ukawekwa alama mdomoni. Siku nyingine ukiupitisha, alama ikibaki nje, kuna kitu ndani. Upitishe kwa vidole, kiwiliwili na uso vikiwa pembeni ya mdomo wa mtutu. Lenye kitu ndani na mtambo mbovu usijaribu kulimaliza kwa kulipiga, na usilibebe kwenye pikipiki. Lifungie mahali pakavu, watu wakae mbali, mwite mtendaji wa kijiji awasiliane na polisi waje walipo.

Nne, tupu au lenye kitu, liweke mbali na watoto, na fataki na baruti zikae chumba kingine.

Tano, toa taarifa na uulize pa kulipeleka. Usilipakie gobore kwenye basi ukaenda nalo mjini kutafuta fundi kwa kuulizia stendi.

Zaidi ya hapo, simama.

Gobore hili lilitoka wapi

Kuna wanaoniambia, "Bwana shamba, hiki ni kitu cha mababu, huwezi kukitupa." Naelewa. Sisi watu wa Bagamoyo na Saadani bunduki hatukuzisikia kwenye redio. Misafara ya pembe iliishia hapa, na bunduki za risasi moja zilishuka na majahazi kutoka Unguja. Wazee bado wanalo neno gumegume, kwa ile ya jiwe la kutoa cheche, iliyotangulia hii ya fataki. Mwaka 1888 Abushiri bin Salim alipowainukia Wajerumani, na Bwana Heri akaishika Saadani, silaha za namna hiyo zilikuwemo mikononi mwa watu. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na Bwana Heri alijisalimisha mwaka uliofuata.

Mwaka huohuo wa 1890 mataifa ya nje yalikaa Brussels yakatia saini mkataba ambao, pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa, ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, ila ukaacha mlango kwa gumegume na baruti ya kawaida. Ndiyo sababu mojawapo ya silaha za zamani kudumu huku wakati kwingine zimeshawekwa makumbusho. Hata mwaka 1914, vita ilipofika Tanga, askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya 1871, risasi moja kila mara na moshi wa kumfichua mpigaji.

Kwa hiyo heshima ya kitu hiki naijua. Lakini heshima ya babu haiko kwenye spiringi. Babu yako kama angekuwepo, akaona nyundo inateleza karibu na mjukuu wake, angelikuwa wa kwanza kuliweka chini.

Tena chumvi ya upepo wetu na mabaki ya baruti, ambayo yananyonya unyevu, vinakula chuma usiku na mchana. Wengi tumeyaweka magobore darini juu ya moshi wa jikoni tukidhani tunayatunza. Miaka sitini ya unyevu na masizi haimwachi mtu salama, sembuse chuma chembamba.

Sheria inasemaje

Silaha zote, za zamani na za kisasa, ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Gobore kuwa la zamani hakulitoi kwenye sheria. Na leseni hairithiwi kama shamba la minazi. Baba akifariki, gobore lake linakuwa jambo la polisi mpaka litakapopata mwenye kibali kipya. Ukilinyamazia darini, unamiliki silaha bila kibali, hata kama hujawahi kuligusa.

Najua hofu iliyopo: "Nikienda kusema, watanifunga." Ndiyo maana watu hawa watatu waliniuliza kwa kunong'ona. Jeshi la Polisi limewahi kutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushitakiwa, kwa hiyo mlango huo si hadithi. Kabla ya kufanya chochote nenda mikono mitupu, ukiwa na mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji, ueleze: baba amefariki, ameacha hiki, kiko mahali fulani, tunaomba mwongozo. Anayekwenda mwenyewe na kiongozi wake anasikilizwa tofauti na anayekutwa nacho barabarani.

Jambo la pili ni wanyama. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inataka kibali cha kuwinda. Saadani ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005. Ukimfuata nguruwe aliyekula mahindi yako ukavuka mpaka na gobore begani, wewe si mkulima tena machoni pa askari wa hifadhi. Kabla ya kumpiga mnyama yeyote, hata shambani kwako, ongea na afisa wanyamapori wa halmashauri.

"Basi tukale nini?"

Hili ndilo jibu ninalopewa, na ni la haki. Mama mmoja aliniambia mbele ya watu: "Bwana shamba, wewe mwisho wa mwezi unapokea. Mimi mwisho wa mwezi nguruwe ndiye anayepokea." Watu wakacheka, mimi nikanyamaza, kwa sababu alisema kweli.

Lakini tuulizane pia kwa ukweli: gobore linalinda kiasi gani? Linapiga mara moja. Kulijaza tena gizani ni kazi ya dakika nzima au zaidi. Kundi la nguruwe likisikia mlio linahamia shamba la jirani, na kesho linarudi. Kinachowafukuza usiku ule ni mlio, na mlio haulazimu uwe wa baruti. Kinachowazuia wasizoee ni mtu kuwepo shambani kila usiku. Basi tujenge hapo.

Zamu. Kaya kumi zenye mashamba yanayopakana zikilinda kwa zamu, kaya mbili kila usiku, kila kaya inakesha usiku mmoja kati ya mitano. Kwa siku 60 za hatari, tangu mahindi yanapobeba mpaka kuvunwa, kaya inalala shambani usiku 12 badala ya 60. Mtu aliyelala usiku 48 ana nguvu za kulima. Zamu inataka mashamba yawe pamoja. Shamba lililojitenga porini ni sahani iliyowekwa mezani.

Kufyeka. Nguruwe anapenda kichaka cha kujificha. Fyeka ukanda wa mita tano au zaidi kuzunguka shamba lote. Akitoka kichakani atajiona uwanjani, na mlinzi atamuona.

Dungu zuri. Liwe na ngazi imara na paa, mahali panapoonyesha pande zote. Madebe yaliyofungwa kwenye kamba ndefu mtu anaweza kuyavuta akiwa juu. Badilisheni: leo madebe, kesho filimbi na tochi, keshokutwa ngoma. Mnyama akizoea sauti moja, imekwisha kazi.

Uzio. Mbao na miiba iliyopangwa vizuri inamchelewesha nguruwe, na kumchelewesha kunamtosha mlinzi kuamka. Kwa tembo, kamba zenye vitambaa vilivyolowekwa kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili kali ya kusaga zimetumika sehemu kadhaa nchini. Vitambaa vipakwe tena kila baada ya mvua kubwa. Mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye waya kuzunguka shamba nayo tembo anaiogopa, na asali ni mali.

Nyani. Hawa ni wa mchana na wana akili. Hapa naomba tusidanganyane: huku kwetu anayelinda nyani mara nyingi ni mtoto aliyetolewa darasani. Zamu ya mchana iwe ya watu wazima. Tukimpokonya mtoto gobore halafu tukampokonya na shule, tumefanya nini?

Taarifa. Tembo au kiboko akiharibu shamba, toa taarifa siku hiyohiyo kwa mtendaji ili tathmini ifanyike wakati uharibifu unaonekana. Kuna kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi. Najua hailingani na hasara na inachelewa. Lakini asiyeandikisha hapati hata hiyo, na uharibifu usioandikwa ofisini unahesabika haukutokea.

Deni letu sisi wa ofisini

Nimewasema mafundi na wenye magobore, nisijisahau. Sisi maofisa ugani tunakuja na mbegu bora, tunapima mistari, sentimita 75 kwa 30, tunapiga picha, tunaondoka. Hatuulizi nani atakesha. Mkulima akipoteza nusu ya shamba kwa nguruwe, kwenye taarifa zetu tunaandika "mavuno hafifu", kama vile mbegu ndiyo iliyokosea. Mtu aliyeachwa peke yake gizani na mahindi yake atashika chochote kilichopo darini. Kumlaumu kwa kushika gobore bovu bila kumpa cha kushika badala yake ni uonevu.

Kwa hiyo kuanzia msimu huu, kila shamba darasa nitakalolisimamia katika kata hii litapangwa pamoja na zamu ya ulinzi, tangu siku ya kupanda. Kijiji kitakachotaka kuitisha mkutano wa kuweka utaratibu huo kwenye sheria ndogo zake, nitakuja hata Jumapili. Na aliye na gobore darini anayeogopa kwenda peke yake, aje tuongee kwanza. Sitauliza mengi. Nitamsindikiza kwa mtendaji na nitakaa naye mpaka amalize kueleza.

Yule mzee wa vidole viwili alilipeleka gobore lake polisi mwenyewe, mguu kwa mguu na mtendaji, wiki moja baada ya mjukuu kurudi kutoka hospitali. Msimu uliofuata alilima pamoja na ndugu zake watano na wakalinda kwa zamu. Nguruwe walikula kidogo, hawakukosa. Nilipopita wakati wa kuvuna alinipa mahindi ya kuchoma, akaniambia, "Bwana shamba, mwaka huu tumelala." Nilikula yale mahindi njia nzima, na sikuweza kumwangalia mjukuu wake alipokuwa ananipungia mkono.

Nyundo ikigoma, inakwambia kitu. Iache igome.

Ofisini kwa kata nipo Jumanne na Ijumaa asubuhi. Siku nyingine nitafute mashambani. Kazi njema, na tulinde pamoja.